Kuteka Mwanga: Mwongozo kwa Anayetoka Dodoma Kwenda Kusoma Nchi za Baridi

Saa yetu ya Kiswahili huanza kuhesabu jua linapochomoza. Saa kumi na mbili kunapambazuka, saa moja watoto wako njiani kwenda shule, saa sita kivuli chako kimejificha miguuni. Kwa mtu wa Dodoma hesabu hiyo haidanganyi. Mwaka mzima jua letu linachomoza kati ya saa 12 na saa 1 asubuhi, na linazama kati ya saa 12 na nusu na saa 1 jioni. Kati ya siku ndefu kuliko zote na siku fupi kuliko zote kuna tofauti ya kama dakika 40 tu, na wengi wetu tunazaliwa na kuzeeka bila kuitambua.

Sasa chukua saa hiyo hiyo uende nayo Stockholm, Uswidi, mwezi wa Desemba. Saa moja asubuhi ni giza totoro. Saa mbili, giza. Jua linachungulia saa tatu kasorobo, linatambaa juu ya mapaa ya nyumba, na kabla ya saa tisa alasiri limeshazama. Hata saa sita mchana limeinuka nyuzi 7 hivi tu kutoka upeo wa macho, yaani kama linavyokuwa Dodoma nusu saa baada ya kuchomoza. Na hapo ni siku isiyo na mawingu.

Nilisoma shahada ya uzamili huko kwa miaka miwili. Kabla sijaondoka kila mtu alinipa ushauri wa baridi: koti, soksi za sufu, mafuta mazito ya ngozi. Giza hakuna aliyenitajia. Kufika Novemba nilikuwa nalala saa kumi na moja kwa siku na bado naamka nimechoka, nakula mkate mzima jioni moja, nakaa mbele ya kompyuta saa mbili bila kuandika aya moja. Nikadhani ni malaria niliyotoka nayo nyumbani, nikaenda kupima, sina. Nikadhani nimekuwa mvivu. Nikaanza kujichukia. Mwaka wa pili nilijipanga, na majira ya baridi yale yale, mji ule ule, yakapita nikiwa mtu.

Mwongozo huu ni kwa ajili yako mdogo wangu unayemaliza pale Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) au kwingineko, umepata ufadhili, na tiketi ni ya Agosti.

Hatua ya kwanza: elewa kinachokupata

Ndani ya jicho, upande wa nyuma, pamoja na chembe zinazotuwezesha kuona, kuna chembe nyingine ambazo kazi yake si kuona bali kupima mwanga. Hupeleka taarifa kwenye sehemu ndogo ya ubongo iliyo kama saa kuu ya mwili. Saa hiyo ndiyo inayoamua lini ulale, lini uamke, lini njaa ije, lini joto la mwili lipande. Usiku mwili unatoa homoni ya melatonini, inayouambia mwili kwamba ni usiku. Mwanga wa asubuhi ukigonga macho, melatonini inazimwa na siku inaanza.

Dodoma kazi hii inafanyika yenyewe. Ukifungua mlango kwenda kuchota maji au kufagia uwanja, tayari umekwisha kupigwa na mwanga mkali kuliko taa yoyote ya ofisini. Kule unaamka kwenye giza, unawasha balbu, unapanda treni gizani, unakaa darasani, unatoka gizani. Macho umeyafungua, lakini saa ya mwili haijapata taarifa kwamba kumekucha. Inabaki nyuma. Unakuwa mtu wa saa kumi alfajiri aliyevaa nguo za saa nne asubuhi. Wataalamu wanaamini pia kwamba serotonini, kemikali ya ubongo inayohusika na hali ya moyo, inavurugika kwa baadhi ya watu mwanga unapopungua.

Dalili zina sura yake. Mtu mwenye sonona ya kawaida, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, mara nyingi hukosa usingizi na hukosa hamu ya kula. Sonona ya majira ya baridi mara nyingi huja kinyume chake: unalala kupita kiasi, unatamani wanga na sukari, unanenepa, mwili unakuwa mzito kama umebeba gunia la mtama, unakwepa watu, vitu ulivyovipenda havikugusi tena. Huanza siku zinapofupika, huondoka siku zinaporefuka, na mwaka unaofuata hurudi.

Aliyeieleza hali hii kitaalamu ni daktari Norman Rosenthal na wenzake, mwaka 1984, kwenye taasisi ya taifa ya afya ya akili ya Marekani. Rosenthal ni mtoto wa Afrika. Alikulia Johannesburg, akahamia New York mwaka 1976, na majira ya baridi ya kule yakamwonyesha mwilini mwake kwamba kuna kitu kimepungua. Mimi habari hiyo ilinipa nguvu sana nilipoisoma. Mtu aliyetoka kwenye jua ndiye aliyetambua kukosekana kwake.

Si kila anayekwenda huko anaugua. Wengi wanapata uchovu na uzito wa moyo wa kiasi, wachache wanapata sonona kamili. Wanawake huipata zaidi kuliko wanaume, na vijana zaidi kuliko wazee. Ukiwa umewahi kuwa na sonona hapo nyuma, au iko kwenye ukoo wenu, jihesabu kuwa miongoni mwa wanaopaswa kujiandaa mapema.

Hatua ya pili: kabla hujapanda ndege

Tafuta kwenye ramani mji unaokwenda uko nyuzi ngapi kaskazini. Dodoma tuko nyuzi 6 kusini mwa ikweta. London na Berlin ziko kwenye 51 na 52, na siku fupi kuliko zote huko ina mwanga usiofika saa nane. Edinburgh haifiki saa saba. Stockholm na Oslo ni kama saa sita. Tromsø, kaskazini mwa Norway, jua halichomozi kabisa kuanzia mwishoni mwa Novemba hadi katikati ya Januari, kunakuwa na mwangaza hafifu wa buluu mchana basi. Kadiri namba inavyopanda, ndivyo maandalizi yako yanavyotakiwa kuwa mazito.

Kama umewahi kutibiwa sonona, wasiwasi au ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka, mwone daktari wako kabla ya safari, uombe barua yenye jina la ugonjwa na dawa. Hapa kwetu kuna tatizo la jina. Kwa kuwa Hospitali ya Mirembe iko mjini kwetu, neno Mirembe limegeuzwa tusi: ukisema moyo umekuwa mzito, mtu anakuuliza kama upelekwe Mirembe. Nimekua nikisikia hivyo, na nimewahi kusema hivyo mimi mwenyewe. Utani huo ndio uliofanya nikae miezi mitatu ughaibuni bila kumwambia mtu. Mirembe ni hospitali ya taifa ya afya ya akili, kuna madaktari na wauguzi waliosomea kazi hiyo, na aliyetibiwa pale hana cha kuonea haya kuliko aliyetibiwa jino.

Ukipewa nafasi ya kuchagua chumba, chagua dirisha. Chumba kidogo chenye dirisha linaloangalia kusini ni bora kuliko kikubwa kinachoangalia kaskazini, kwa sababu kule jua la majira ya baridi hukaa upande wa kusini tu. Chumba cha chini ya ardhi, hata kikiwa cha bei nafuu, kikatae kama una njia nyingine.

Hatua ya tatu: Agosti mpaka Oktoba, usidanganyike

Utafika kukiwa na mwanga mpaka usiku. Saa mbili jioni jua bado lipo, utapiga picha, utawaambia nyumbani kwamba huku hakuna giza. Halafu Septemba itaanza kuiba. Kwenye miji kama Stockholm siku inafupika kwa dakika tano na ushee kila siku inayopita, na kwa wiki moja inakuwa imepungua karibu kiasi kile ambacho Dodoma tunakibadilisha kwa mwaka mzima. Jumapili ya mwisho ya Oktoba nchi nyingi za Ulaya hurudisha saa nyuma kwa saa moja, na ghafla giza la jioni linakuangukia ukiwa bado darasani.

Miezi hii ndiyo ya kujenga mazoea, maana ukishazama ni vigumu kujenga chochote. Weka muda mmoja wa kuamka, siku zote saba, Jumamosi na Jumapili zikiwemo. Tafuta njia ya miguu ya dakika 20 au 30 utakayoipita kila asubuhi. Jiunge na kitu chenye siku maalumu: kwaya, timu ya mpira, jumuiya ya Watanzania, msikiti au kanisa. Usingoje Desemba ndipo uanze kutafuta watu.

Nunua pia nguo zako za nje sasa. Naziweka kwenye mwongozo wa mwanga kwa sababu mtu mwenye kiatu kinachopitisha maji hatatoka nje, na asiyetoka nje hapati mwanga. Koti lisilopitisha upepo, viatu vyenye soli inayoshika barafu, kofia ya kufunika masikio. Maduka ya mitumba yapo huko pia na yana vitu vizuri.

Hatua ya nne: teka mwanga unapotoka

Hapa ndipo penye kiini, na mtu wa Dodoma ana faida, kwa sababu sisi tunajua kuishi na kitu kinachotoka kwa mgao. Maji yakitoka bombani alfajiri, hakuna anayesema nitateka mchana. Unaamka, unapanga madumu, unajaza ndoo na simtanki, halafu ndipo unaendelea na mambo mengine. Mwenye kuchelewa anakuta bomba linapiga mluzi. Mwanga wa kule utekwe hivyo hivyo.

Tazama hesabu yake. Mwanga hupimwa kwa luksi. Ofisi au darasa lenye taa nzuri lina luksi 300 hadi 500. Chumba cha mwanafunzi chenye balbu moja kina chini ya hapo. Nje, mchana, hata kukiwa na mawingu mazito ya majira ya baridi, mara nyingi unapata luksi 1,000 au zaidi, na siku ya mawingu mepesi zinafika maelfu kadhaa. Jua kali la mchana, kama letu la Oktoba linapokaa utosini kabisa, linafika 100,000. Macho hujirekebisha, ndiyo maana mtu aliye ndani ya nyumba haoni kwamba yuko kwenye giza. Mwili wake unaona. Kwa hiyo usiangalie dirishani ukasema leo hakuna jua, sitoki. Hata siku hiyo mbaya, nje pana mwanga mara kadhaa kuliko ndani.

Toka nje mapema kadiri mwanga unavyoruhusu. Nusu saa ni nzuri, saa nzima ni bora. Kama kipindi chako cha kwanza kinaanza kabla ya kupambazuka, basi mapumziko ya saa nne au ya mchana yawe ya nje, usiyamalizie kwenye mgahawa wa chini. Shuka kituo kimoja kabla ya chuo utembee. Simu ya kuongea na rafiki, ongea ukiwa unatembea. Miwani ya jua iache, isipokuwa theluji inapoakisi jua ukaumia macho au kama daktari amekuandikia. Kofia yenye ukingo mrefu nayo inazuia mwanga wa juu, nunua isiyo na ukingo.

Ndani, kaa karibu na dirisha. Luksi hushuka haraka sana kadiri unavyosogea mbali nalo, kiasi kwamba meza iliyo hatua nne ndani ya chumba ni dunia nyingine. Maktaba nyingi za vyuo vya huko zina viti vya dirishani, na wanaojua huviwahi asubuhi. Viwahi na wewe.

Wenyeji wenyewe wanahangaika na jambo hili, wala usidhani wamelizoea likaisha. Mji wa Rjukan, Norway, uko bondeni, na jua la majira ya baridi halikuwa likiufikia kabisa kuanzia Septemba hadi Machi. Mwaka 2013 walifunga vioo vitatu vikubwa juu ya mlima, vinavyogeuka kulifuata jua na kulimulika kwenye uwanja wa mji. Watu wanakuja kukaa pale na vikombe vyao vya kahawa. Fikiria watu wa Dodoma wapande kilima cha Mlimwa kufunga vioo ili Nyerere Square ipate jua! Na Umeå, mji wa kaskazini mwa Uswidi, mwaka 2012 waliweka taa za tiba ya mwanga kwenye vituo vya mabasi, abiria wapate mwanga wakati wanasubiri.

Hatua ya tano: taa

Ukiwa mji ulio kaskazini sana, au ukiona kutembea hakutoshi, tafuta taa maalumu ya tiba ya mwanga. Mwaka wangu wa pili niliipata ya mitumba kwa mwanafunzi aliyekuwa anahama, na ndiyo kitu cha kwanza ambacho ningekinunua leo, kabla hata ya koti la pili.

Chagua iliyoandikwa 10,000 lux, na usome ni kwa umbali gani. Baadhi ya taa ndogo zinafikia kiasi hicho ukiweka uso sentimita 15 tu, na hakuna anayeweza kukaa hivyo. Iwe kubwa ya kutosha kukupa mwanga huo ukiwa umbali wa sentimita 30 hadi 50. Lazima iwe inachuja miale ya urujuanimno (UV), kwa hiyo taa za saluni za kuchomea ngozi ibadilike rangi si mbadala, zitakuumiza macho na ngozi.

Iwashe mara tu baada ya kuamka, dakika 30. Iweke mezani pembeni kidogo mwa uso, macho yawe wazi lakini usiikodolee. Kunywa chai, soma, jibu ujumbe. Fanya kila siku, kwa sababu dozi za kurukaruka hazisaidii. Wengi huanza kuhisi nafuu ndani ya wiki moja au mbili. Usiitumie usiku, itausukuma usingizi mbele na kukuharibia asubuhi inayofuata. Siku ya kwanza au ya pili unaweza kuumwa kichwa au macho kuchoka, punguza dakika kisha panda taratibu.

Kuna watu wasioanza taa bila kuongea na daktari: mwenye ugonjwa wa macho, hasa wa retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga), anayetumia dawa zinazofanya ngozi au macho yadhurike na mwanga, na mwenye ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka, kwa sababu mwanga mkali unaweza kumrusha juu kupita kiasi. Ukijiona umeanza kutolala kabisa, mawazo yanakimbia na unajiona huwezi kushindwa na chochote, zima taa umwone daktari.

Hatua ya sita: vitamini D ni jambo jingine

Watu wanachanganya. Taa ya tiba inafanya kazi kupitia macho, haitengenezi vitamini D. Vitamini D inatengenezwa na ngozi ikipata miale fulani ya jua, na miale hiyo kule majira ya baridi karibu haifiki, wala haipiti kwenye kioo cha dirisha. Ngozi yetu nyeusi imeumbwa kujikinga na jua kali, hivyo inahitaji muda mrefu zaidi wa jua kuliko ngozi nyeupe kutengeneza kiasi kile kile. Uingereza inashauri kila mtu afikirie kumeza mikrogramu 10 kwa siku, ambazo kwenye kopo zinaandikwa 400 IU, wakati wa vuli na majira ya baridi, na watu wa asili ya Afrika mwaka mzima. Vidonge hivi si ghali. Kula pia samaki wenye mafuta, kama samoni na vibua.

Ukosefu wake unaleta maumivu ya mifupa na misuli dhaifu, jambo linaloongeza uchovu. Lakini usimeze vidonge ukaacha kutoka nje ukidhani umetibu sonona, na usizidishe, kwa sababu vitamini D nyingi mno huharibu figo.

Hatua ya saba: kulala, kula, mwili

Usiongeze usingizi. Najua mwili unaomba. Ukiufuata utalala mpaka saa nne, na saa nne mwanga wako wa thamani umekwisha kuanza kupotea. Usingizi wa mchana usizidi dakika 20. Usiku punguza taa na simu saa moja kabla ya kulala.

Hamu ya wanga haitakuacha, na sisemi uache ugali. Kula kwa saa zake, anza na kifungua kinywa chenye mayai au maharage, na mboga ziwepo. Mlenda mkavu kutoka nyumbani ukipata wa kubeba, beba, maana sahani inayonukia kwenu ni tiba ya aina yake. Pombe iogope zaidi kuliko keki. Inakulaza haraka, inakuamsha saa tisa usiku, na kesho yake moyo uko chini zaidi.

Mazoezi ya mwili yanasaidia sonona, na yakifanyika nje mchana yanasaidia mara mbili.

Hatua ya nane: ukiona unazama, sema

Weka mstari mapema. Kama kwa wiki mbili mfululizo moyo umekufa karibu kila siku, huwezi kusoma wala kuoga, unajiona huna thamani, nenda kwa daktari. Vyuo vingi vina kituo cha afya cha wanafunzi. Uswidi unaweza kupiga 1177 kuuliza uende wapi, Uingereza 111. Waambie unatoka Tanzania, ukiwa na homa wakupime malaria kwanza, na wakupime pia damu na tezi ya shingo, kwa sababu uchovu una sababu nyingi. Tiba ipo: mazungumzo na mtaalamu anayekufundisha kuzipinga fikra zinazokuvuta chini, dawa, mwanga, au vyote kwa pamoja. Kumeza dawa ya sonona kwa miezi kadhaa hakukuondolei imani yako wala uanaume wako wala heshima ya wazazi wako.

Yakija mawazo ya kujidhuru, usisubiri wiki mbili wala siku mbili. Ulaya piga 112. Uingereza kuna pia 116 123, unapokelewa usiku na mchana na hulipi. Gonga mlango wa jirani hata kama hamjawahi kusalimiana. Toka chumbani, ukae na mtu.

Hatua ya tisa: hii ni ya mliobaki nyumbani

Mama, baba, kaka, dada. Mtoto wenu akiwaambia kachoka, msimjibu kwamba wenzake wanaitamani nafasi hiyo. Anajua. Ndiyo maana anachelewa kuwaambia. Akikaa kimya Januari, msidhani kawasahau au kapata majivuno ya Ulaya. Januari na Februari ndiyo miezi inayochosha zaidi, siku zimeanza kurefuka kwenye kalenda lakini mwili bado unalipa deni. Maombi ya pesa ya mwezi huo, kama yanaweza kungoja hadi Machi, yangoje. Na msiulize tu kama amekula. Ulizeni leo ametoka nje saa ngapi.

Mama yangu alilielewa hili kuliko mimi. Mwaka wa pili nilimweleza habari ya mwanga na mgao, pale nyumbani Nkuhungu, Dodoma, akacheka, akasema hilo tu? Majira ya baridi Stockholm iko nyuma yetu kwa saa mbili. Kwa hiyo kuanzia Novemba akawa ananipigia saa tano asubuhi ya Dodoma, akiwa kibarazani anachambua mboga, na kwangu ikawa saa tatu, na ilipofika Desemba jua ndiyo linachungulia. Alikuwa hakubali niongee nikiwa ndani. Alisikiliza kwanza kama kuna upepo na hatua za miguu kwenye theluji, ndipo anisalimie kwa Kigogo.

"Mbukwa, mwanangu. Umeshatoka kuteka?"

"Niko njiani, mama."

"Haya, tembea, tuongee."